Siku Mbili Zisizo na Alama

...maana jina lake analijua, hilo Saida hana shaka nalo hata chembe, mtoto wa miaka mitano asiyejua jina lake umtoe wapi, tena huyu, huyu ambaye mwezi wa sita alikuwa anajitaja mwenyewe kila baada ya pumzi mbili, Damari hivi, Damari vile, mengine yote Kinyakyusa kitupu ambacho Saida hakuambulia kitu ila hilo Damari likipita na kurudi, sasa leo kasimama mbele ya meza ya mwalimu, sweta jipya limemfunika mpaka ncha za vidole, raba zimeshika tope la njiani, na anachoulizwa ni kile kile alichokuwa akikitangaza bure... "Unaitwa nani, mama?" Mwalimu Gloria anauliza mara ya tatu, kwa upole, binti mzuri huyu, mwaka wa pili kazini na bado hajajifunza kufoka, kalamu ameishika juu ya fomu na wala haishushi, mvua ya Januari inapiga bati, na Damari hasemi. Atasema. Saida amekalia kiti cha chekechea pembeni ya meza, magoti yanakaribia kidevu, mtu mzima wa miaka hamsini na tisa, na anajiambia atasema tu, ni haya za ugeni, katika miaka ishirini na miwili ya kufundisha chekechea aliwaona wangapi, walioning'inia kwenye kanga ya mama mpaka ikafunguka, waliojikojolea hapo hapo mbele ya mwalimu mkuu, na leo ni mafundi na manesi wanampigia shikamoo sokoni, basi na huyu atasema, mpe dakika... lakini mlangoni wazazi wamejaa wanasubiri zamu, mmoja mwenye kichanga mgongoni anasonya kidogo, si kwa ubaya, miguu imemchoka, na kwenye fomu kuna mstari ambao Saida anausoma kichwa chini miguu juu kutoka pale alipo, Mawasiliano, halafu nukta nukta za kujazia, na anajua fika Mwalimu Gloria ataandika nini mtoto asipofungua kinywa. Haongei. Neno moja tu, na chini yake arudi mwakani, au apelekwe akapimwe, na neno likishakaa kwa wino linamfuata mtoto mpaka darasa la saba, Saida anayajua hayo mafaili, ameyajaza yeye mwenyewe kwa mkono wake, kila mwalimu mpya analifungua, anasoma, anamwangalia mtoto kwa jicho lile lililoandikwa. Na mama yake Damari, aliyeko Ubaruku kwenye mpunga, alishasema kwenye simu wala hakuzunguka, kama shule ya mwaka huu imeshindikana basi mtoto aje huku anisaidie kufukuza ndege, na mtoto akishaanza kufukuza ndege mpungani nani atamtoa, ndege hawana likizo.

Na kuzuia hayo ndiyo kazi yake yeye Saida, hakuna mwingine wa kutupiwa lawama, tangu astaafu ndiyo kazi aliyojitwika, yeye na akina mama wenzake wa mjini, Waislamu na Wakristo, wamegawana vitongoji vya mlimani, kila mmoja na nyumba zake, kuanzia mwezi wa sita mpaka shule zinapofunguliwa, kumfundisha mtoto kufunga vifungo, kwenda chooni peke yake, kunawa, kukaa asubuhi nzima mbali na bibi yake bila kulia, kuitika akiitwa... kuitika akiitwa, ndiyo, na hilo lipo kwenye daftari. "Jamani, mtoto mzuri, mbona umevaa umependeza hivi halafu hutaki kuongea na mimi?" anasema Mwalimu Gloria, anasogeza vizibo vya soda mezani, "Haya, nihesabie basi hivi," na Damari anaviangalia vizibo, Saida anaona macho yake yanavipita kimoja kimoja, anavihesabu huyu, anavihesabu kimoyomoyo, walahi midomo inatikisika, halafu inatulia. Nyuma ya mtoto amesimama bibi yake, Bibi Esnath, mwembamba, kitenge kimefungwa juu ya koti la marehemu mumewe, kifurushi ameking'ang'ania kifuani, naye hasemi, haruhusiwi kumsemea mtoto, hilo pia ni fundisho la Saida, wazazi msiwajibie, mkiwajibia hawatajifunza kujibu, na Bibi Esnath ni mwanafunzi hodari kuliko watoto wenyewe, ukimwambia jambo analishika kama amri ya kanisani. Siku ile ya kwanza Saida alipanda mpaka kwake juu kabisa, kule nyumba zinapoisha na viazi vinaanza, akafika roho mkononi, akapewa kigoda na kikombe cha uji, na Damari alikuwa anamenya maharage na kuyasimulia, naam, anayasimulia maharage, halafu anawasimulia kuku, halafu akamgeukia mgeni akamsimulia na yeye, akamshika mkono kwa vidole vya vumbi akamvuta mpaka nyuma ya jiko akamwonyesha tetea aliyelalia mayai, maneno yanamwagika, hakuna hata moja la Kiswahili, na Saida alicheka, alimpenda mtoto yule palepale, akarudi kwenye kigoda akafungua daftari akaandika, Anaongea sana, halafu kwa kalamu nyekundu, Kinyakyusa tupu, akapiga mstari chini. Mistari miwili. Akamwambia bibi, "Bibi, mtoto ana akili huyu, ila shule ni Kiswahili. Kuanzia leo humu ndani Kiswahili tu, usimchanganyie, akienda na hicho watamcheka." Akatoa kwenye begi kalenda, anazo kila mwaka, duka la pembejeo humpa bure, ina picha ya mahindi, akaitundika msumarini, akamwelekeza, kila siku mkimaliza bila kuchanganya weka alama, ikiharibika acha wazi. Familia zinaipenda hiyo kalenda. Kwenye semina Saida huwa anaonyesha picha zake. Na Bibi Esnath akasema... alisema nini? Alisema kitu pale, akiwa ameshika sufuria, Saida alikuwa anafunga begi, wingu limeshatanda mlima Loleza na njia ya kushuka inateleza... alisema kitu na Saida akamjibu, lakini nini.

"Hebu, bibi, nyumbani anaongea kweli?" Mwalimu Gloria sasa anamuuliza Bibi Esnath moja kwa moja, na bibi anamwangalia Saida kwanza, kama anaomba ruhusa, ndipo anajibu, "Anajua, mwalimu. Sikio anashika." Na Damari, kusikia hivyo, anainua mkono wake wa kulia, sweta linateremka mpaka kiwikoni, anaupitisha juu ya kichwa, juu ya mabutu mapya yaliyosukwa jana, anaunyoosha, anajinyoosha na yeye mwenyewe mpaka anasimama kwa vidole vya miguu, na anashika sikio la kushoto. Analishika barabara. Anamtazama mwalimu. "Anaumwa sikio huyu?" anauliza Gloria, mtoto wa juzi, atajua wapi, na mama wa mlangoni anacheka kidogo, "Siyo hivyo mwalimu, zamani ndo walikuwa wanapimwa hivyo," na Saida hacheki, maana yeye alipimwa hivyo hivyo, Iringa, mwaka wa sabini na tatu, mkono juu ya kichwa, ukifika sikioni umri umetosha, na bibi huyu amemfundisha mjukuu wake kile anachokijua yeye, mtihani pekee anaoujua, wa mikono, usiotaka neno. Ndiyo jibu la Damari hilo. Ameulizwa jina mara tatu akasema kwa mkono, niko tayari. Na Saida siku ya sikio lake kule Iringa aliulizwa pia jina, akalitaja, na la baba yake, na la babu Zubery mwenye duka la vitambaa pale Miyomboni, akaongeza na kashairi alikofundishwa na bibi Mwanakhamisi, mwalimu akapiga makofi, huyu mtoto ni mwepesi, akamwambia mama yake, na mwepesi akabaki hivyo maisha yote, amelivaa hilo neno miaka hamsini, Saida mwepesi, na hakuwahi hata siku moja kujiuliza wepesi ulitoka wapi, kwao Kiswahili ndicho kilichomkanya, kilichombembeleza, kilichomwita kula, babu alikuja nacho kutoka Bagamoyo pamoja na marobota yake, akaingia darasani akakikuta kimekaa kwenye kiti kinamsubiri. Kalinga hakukuta kitu. Kwa nini Kalinga sasa, leo, miaka yote hii... Kalinga wa darasa la pili, binti wa Kihehe kutoka mashambani, aliyekuwa akikaa dawati la mbele yake, na kile kibao chenye kamba, ukiongea lugha ya nyumbani unakivaa shingoni mpaka umkamate mwingine, na Saida alikuwa kiranja, yeye ndiye mwenye kukitunza, na hakikuwahi kumgusa shingo hata mara moja, kingemgusaje, akajiona ndiye mwenye adabu kuliko wote. Siku ile Kalinga alibanwa na haja, akanyoosha mkono akaomba ruhusa, neno likamtoka Kihehe, haja haina subira, na Saida alinyanyuka akaenda akamvika kibao, haja haijaisha, darasa zima likacheka. Baada ya hapo Kalinga alikuwa mtulivu sana. Mwalimu alimsifu, ametulia siku hizi. Miaka minne iliyopita Saida alimkuta Kilolo, anauza njegere kando ya barabara, mama wa nguvu, anaongea na simu kwa Kihehe, anacheka mpaka anashika kiuno, halafu alipomwona Saida akakata simu, akanyamaza, akasema bei. Bei tu. Saida alinunua visado viwili ambavyo hakuwa na haja navyo.

Ametulia. Saida anatazama chini, maana hilo neno ameliandika, si mwalimu wa Iringa, ni yeye, kwenye daftari lililoko sasa hivi ndani ya begi miguuni pake, mwezi wa tisa, ziara ya pili, alipanda tena mlimani akamkuta Damari amekaa kizingitini, mikono mapajani, bibi akasema, "Damari, salimia," mtoto akasema shikamoo, akasema asante alipopewa biskuti, kisha basi, kuku wanapita mbele yake na yeye anawaangalia tu, na Saida akafurahi, Mungu amsamehe, alifurahi, akaandika Maendeleo mazuri, Kiswahili kinakuja, ametulia. Alikunywa uji akaondoka. Na Yotamu mwaka jana, yule wa Mzee Didas, aliyemsifia kwenye kikao kwamba ni mpole, mtoto asiyesumbua, kumbe... hapana, usiende huko sasa, mmoja mmoja, mbele yako yupo huyu. "Mwalimu," anasema Bibi Esnath, na hamwambii Gloria, anamwambia Saida, sauti ya chini, ya mtu aliyefumaniwa, "mimi nimefata, mwalimu. Yote nimefata. Usifikiri sikufata," na anafungua kifurushi juu ya meza, juu ya vizibo vya soda, Gloria anavuta fomu isilowe, ndani ya kifurushi kuna kikombe cha plastiki cha mtoto, kuna sabuni, kuna ile kalenda ya mahindi imekunjwa mara nne, na bibi anaikunjua, anailaza, anaipigapiga kwa kiganja, mwezi wa sita, wa saba, wa nane, kila siku ina msalaba wa mkaa, misalaba midogo, iliyonyooka, imepangika kama mishono. "Ona. Mpaka kuku naita kwa Kiswahili. Usiku nikiota nikasema, nikiamka namwambia Damari, ile haikuwa mimi." Wa tisa, misalaba mitupu. Na sasa Saida analikumbuka lile neno, linamrudia lilivyo, na sufuria lilivyo mkononi mwa bibi na wingu lilivyo juu ya Loleza, Bibi Esnath alisema, "Lakini mimi Kiswahili changu ya sokoni tu, mwalimu," hivyo ndivyo alivyosema, wazi, hakumung'unya, na yeye akamjibu huku anavuta zipu, "Hicho hicho, bibi, kinatosha." Kinatosha! Kinatosha nini? Njoo, kaa, kula, acha, shika, lete, bei gani, hapana... miezi saba mtoto anaambiwa njoo, kaa, kula, acha, na bibi yule anayejua majina ya majani yote mlimani, na hadithi, na kwa nini tetea anachagua pale na si pale, amefungwa mdomo kwa msalaba wa mkaa kila jioni, kisha mtoto anaongea na nani? Hakuna mtu ndani ya nyumba ile wa kumfundisha hicho Kiswahili, mama yuko Ubaruku, babu yuko kaburini, kuna bibi na kuku. Kwa akina Fred, nyumba yake nyingine pale chini, iliwezekana, mama yao alisoma mpaka kidato cha nne, anaongea kama redio, watoto waliingia shule wanapiga soga, na Saida akachukua dawa ya nyumba moja akainywesha kila nyumba, mwalimu wa miaka ishirini na miwili, Saida mwepesi. Hakuuliza. Hakukaa akamwambia, hebu bibi tuongee mimi na wewe kidogo nisikie. Aliambiwa, na hakusikia.

"Bibi, sawa, nimeona, ila mimi hapa ninachotaka ni mtoto aseme," anasema Mwalimu Gloria, anaangalia mlango, anaangalia saa, kalamu imerudi juu ya zile nukta, na Bibi Esnath anafikiri anahukumiwa kwa jambo lingine kabisa, Saida anaona kidole chake kinavyotembea juu ya kalenda, kinaingia mwezi wa kumi, kidole cheusi kwenye pingili, kinasimama. "Ni hii, najua. Hii siku mbili ndo imeharibu. Unisamehe, mwalimu." Tarehe kumi na nne na kumi na tano. Nyeupe, hazina alama. "Kaka yangu alifariki, kule Tukuyu. Simu imekuja asubuhi. Nikalia Kinyakyusa, mwalimu, Kiswahili sijui kulia. Siku mbili nimelia hivyo, sikuweza kujizuia, sikuweka alama, nisidanganye." Mama wa mlangoni anasema pole, bibi, kwa sauti ndogo, na mwingine nyuma yake anasema ndaga, pole hiyo hiyo kwa Kinyakyusa, na Gloria anasema pole, pole sana bibi, Saida anauliza tu, "Na Damari? Siku hizo mbili Damari alikuwaje?" Bibi anamtazama mjukuu wake, ambaye bado ana mkono juu ya kichwa, hakuna aliyemwambia aushushe, na uso wake wote mzee unalegea. "Aa, huyu, alisema! Alikuja hapa mapajani akasema mengi, mengi. Ananiambia bibi nyamaza, tutampikia ndizi. Akaniimbia. Akaniuliza mtu akifa mlimani anashuka au anapanda. Siku mbili, mwalimu, hakunyamaza. Halafu watu wakaondoka, nikakumbuka sheria, nikamwambia, Damari, Kiswahili." Anakunja midomo. "Ndo mwisho. Shikamoo anasema. Lakini kusema, hajasema tena."

Siku mbili. Kati ya siku zote hizo za mkaa, mtoto alipewa ruhusa ya kuongea siku mbili, na ruhusa yenyewe imeletwa na msiba, na bibi wa watu amezibeba hizo siku mbili tangu mwezi wa kumi kama mwizi, ameshuka nazo mlimani na mvua hii, ameziweka mezani aombe msamaha, kwa nani, kwa mtu aliyekunywa uji wake na kumfungia mdomo ndani ya nyumba yake. Saida ana aibu. Si ile ya kukosea hesabu mbele ya watu, ana aibu kwa Damari, kwa bibi huyu, kwa Kalinga na njegere zake. Na wakati huo huo, nafsi isivyokuwa na haya, anaisikia ikimnong'oneza, nyamaza tu, hakuna anayejua, Gloria ataandika mtoto hajawa tayari, inatokea, kila mwaka inatokea, ulijitahidi, utapanda mlimani Jumamosi utamwambia bibi kimyakimya aongee anavyotaka, mwakani mtoto atarudi, nani ataumia... mwakani. Na ndege wa Ubaruku? Na hilo neno la wino? Miaka minne sasa anapanda na kushuka ule mlima, ameokota neno moja tu la Kinyakyusa, ugonile, analitoa mlangoni kama mtu anayevua viatu, akishaingia ndani anaendelea na ya kwake, na watu wa mlimani humsifu, mwalimu anatusalimia kwetu, humpa na viazi vya kushuka navyo. Hata hapa darasani kuna wa kumwelewa mtoto, Gloria mwenyewe ni Mwakyusa, jina la Kinyakyusa, Gloria Mwakyusa, limeandikwa kwenye beji kifuani pake, amekaa hapo nusu saa anauliza kwa Kiswahili kwa sababu ndivyo fomu ilivyo, na huenda hicho cha nyumbani anacho kooni tele, hakuna aliyemwambia kitoe. Mtu yeyote angeweza kumwambia. Saida angeweza kumwambia tangu mara ya kwanza. Mtoto anayeogopa hafundishwi kwa kunyang'anywa kile kidogo alichokuja nacho, hilo si la semina, hilo bibi Mwanakhamisi ambaye hakujua kusoma angemwambia, mtoto anaingia kwa mlango anaoujua, akishakuwa ndani ndipo unamwonyesha vyumba vingine... "Basi mimi niandike tu," anasema Gloria, kwa huruma, huruma kabisa, "tusiwacheleweshe wenzenu, bibi, mwakani siyo mbali," na ncha ya kalamu inagusa karatasi, inaacha kitone kidogo cha bluu, na Saida anasikia mtu anasema usiandike, anasema kwa nguvu mpaka kichanga cha mlangoni kinashtuka, na ni yeye. "Usiandike, Mwalimu Gloria. Anaongea. Mtoto huyu anaongea kuliko sisi wote humu ndani. Aliyemnyamazisha ni mimi." Amesimama, kiti kidogo kimenaswa na sketi, kimeanguka, hajali. "Bibi, hukukosea siku mbili. Mimi ndiye nimekosea hizo nyingine zote. Ongea naye. Ongea naye kwenu, sasa hivi, hapa." Amesema, limetoka, wazazi wote wamesikia, kesho mlima mzima utakuwa unajua, na wenziwe wa mradi, na sawa, na iwe hivyo, anajisikia mwepesi kwa mara ya kwanza kwa namna nyingine kabisa, na ana hofu pia, maana hajui kama mlango uliofungwa miezi saba unafunguka kwa kusukumwa mara moja. Mvua haijapungua. Kalamu imesimama juu ya kitone chake. Damari bado ameshika sikio, mkono umeanza kumtetemeka kwa kuchoka, anamtazama mmoja, anamtazama mwingine, na Bibi Esnath hajafungua kinywa, labda hakuelewa, labda ameelewa na haamini, kidole chake bado kiko pale pale kwenye kalenda, juu ya zile nyeupe mbili, anamkazia macho Saida na kuuliza taratibu, kwa Kiswahili, "Kwa hiyo nimesamehewa, mwalimu?"